Vichwa vya Bastola Mbili

Niliporudi kutoka Burma baada ya vita, nilikuwa na vitu viwili vya kumwonyesha mke wangu: koti la jeshi na ufundi wa kutengeneza silaha. Koti lilichakaa upesi. Ufundi ndio ulionipatia kazi mjini Shinyanga, katika karakana ya Singasinga mmoja aliyetengeneza pampu za maji, mashine za kusaga na, kwa kibali cha serikali, bunduki za wazungu na za machifu. Karakana yenyewe ilikuwa pembeni ya mji, upande ambao siku hizi unaitwa Kambarage. Wakati huo palikuwa na miiba, mbuzi na vumbi jeupe.

Singasinga yule alikuwa mtu mzima, ndevu zake zimeanza kuingia mvi, mpole wa sauti na mkali wa kazi. Sote tulimwita Fundi. Mimi aliniita Askari.

Miaka ile risasi za dukani zilikuwa adimu. Wenye bastola walikuwa wakituletea maganda matupu waliyokwisha kuyafyatua, nasi tukiyajaza upya: fataki mpya, baruti ya kupimwa kwa mizani, na kichwa tulichokimimina wenyewe ndani ya kalibu, kile chombo cha chuma cha vipande viwili kinachokipa umbo. Kwa Kiswahili risasi ni yale madini mazito ya kijivu, na ni risasi pia kile kinachotoka mtutuni. Ili tusichanganyane, pale karakanani madini tuliyaita risasi, na kile kinachoruka tukakiita kichwa.

Tulikuwa na wateja wawili wa bastola waliokuja mara kwa mara. Wa kwanza alikuwa meneja wa kinu cha pamba upande wa Kishapu, mwenye bastola bapa ambayo magazini yake, kile kisanduku cha risasi, huingia ndani ya mpini. Wa pili alikuwa mzungu mzee, mtafuta dhahabu, aliyekuwa na kambi yake Rwamgasa. Yeye alikuwa na revolva, ile ambayo tumbo lake linazunguka, na alikuwa ameibeba tangu vita vya kwanza.

Mtu asiyejua angeona vichwa vya bastola hizo mbili ni vile vile. Fundi alinifundisha miezi mitatu kabla hajaniruhusu nivichague peke yangu. Kichwa cha meneja kilitaka kuwa kigumu, kwa hiyo tulichanganya risasi na lehemu na herufi za chapa zilizochakaa. Kingekuwa laini kingejikwangua ndani ya mtutu na kuuziba. Kichwa cha revolva kilitaka kuwa laini, kizito, butu kwa mbele, na kinene kidogo kuliko kile kingine. Tofauti hiyo ya unene ilikuwa kama karatasi mbili za daftari, si zaidi. Fundi alikuwa amechonga kibao cha chuma chenye matundu mawili. Kichwa cha meneja kilipita kwenye tundu dogo bila kusukumwa. Cha mzee kilipita kwenye tundu kubwa tu.

"Hiki cha nani?" Fundi alikuwa akiniuliza, huku akinitupia kichwa kimoja.

"Cha meneja."

"Umejuaje?"

"Kigumu, Fundi. Ukucha hauingii."

"Na hiki?"

"Hicho cha mzee, lakini kina mikunjo. Kalibu ilikuwa baridi. Kinarudi chunguni."

Alikuwa hasemi neno la sifa. Lakini siku aliponiachia ufunguo wa kabati la baruti, nilikwenda nyumbani nikitembea kama niliyepewa cheo.

Mzee wa Rwamgasa tulipatana naye vizuri hata nikamwombea kazi shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Huyo shemeji alikuwa mkulima wa Kishapu, mtu wa mabega mapana na maneno mengi. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha kulima kwa ngoma: anarusha jembe juu, linazunguka hewani, analidaka na kulishusha ardhini pamoja na mdundo, na watu sitini nyuma yake wanamfuata. Mwaka ule mvua ilikuwa haba, pamba ikanyauka, naye akataka kazi ya mshahara. Mzee alimchukua siku ile ile. Miezi michache baadaye alikuwa msimamizi wa wachimbaji wake.

Kosa langu lilitokea Fundi alipokwenda Tabora kwenye arusi ya mpwa wake. Aliniachia kazi ya kujaza risasi za mzee, hamsini, ambazo zingechukuliwa keshokutwa na lori la Rwamgasa. Nilianza kwa kiburi. Kalibu ya revolva iligoma kuachia kichwa, na badala ya kuigonga kwa kipande cha mti kama nilivyofundishwa, niliigonga kwa nyundo. Bawaba ilipinda. Baada ya hapo vipande viwili vya kalibu havikufunga tena sawasawa, na kila kichwa nilichomimina kilitoka na ukingo mkali kama pezi la samaki.

Ningeweza kumwambia dereva wa lori arudi mikono mitupu. Ningeweza kumngoja Fundi nimwambie, "Nimekuharibia kalibu." Maneno hayo mawili yalinishinda. Kwenye rafu palikuwa na kopo limejaa vichwa vya meneja, vizuri, vinang'aa. Nilichukua kimoja nikakiingiza kwenye ganda la revolva. Kililegea. Nikaubana mdomo wa ganda kwa koleo kidogo kidogo mpaka ukakishika. Kwa macho hakuna ambaye angetambua. Nikajiambia mzee huyu kazi yake ni kupiga makopo ya maziwa siku za Jumapili. Akikosa kopo, kuna hasara gani? Nikajaza zote hamsini. Kalibu nikaificha chini ya benchi, nyuma ya mavyuma.

Habari zililetwa na dereva yule yule wa lori, wiki ya tatu. Alimkuta mke wangu nje anapepeta mtama, akamwambia kaka yake ameumizwa na chui na amepelekwa hospitali ya Mwanza. Tulipanda treni siku iliyofuata.

Tulimkuta amefungwa bandeji kutoka shingoni hadi kwenye vidole vya mkono wa kulia. Uso ulikuwa umekonda, lakini ulimi ulikuwa mzima. Nilimsalimu, akajibu kwa Kisukuma, "Mhola duhu, shemeji," yaani salama tu, kama mtu aliyekaa nyumbani kwake. Halafu akatusimulia.

Walikuwa wakisafisha shimo la zamani lililoachwa na Wajerumani. Jua lilikuwa limeshapanda. Yeye alitangulia kushuka, mzee akiwa amesimama ukingoni. Chui jike alikuwa ndani na watoto wake. Alimrukia, shemeji akakinga uso kwa mkono, na chui akaung'ata mkono huo asiuachie.

"Mzungu alipiga, shemeji! Mara sita! Na chui yuko hapa, kama pale mlangoni! Sita zote zimekwenda kwenye udongo. Vijana ndio walioshuka na mikuki wakamwua." Akacheka, kisha akaguna kwa maumivu. "Yule mzee hawezi kulipiga pipa hata akiwa ndani yake."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Mke wangu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilitazama sakafu. Nilijua kilichotokea kana kwamba nimekiona: kichwa chembamba kinapita kwenye mtutu mpana bila kushikwa, kinatoka kikiyumba, kinakwenda kinakotaka. Mkono wa mzee haukuwa na kosa.

Mfupa ulipona vibaya. Daktari alisema mishipa imekatika. Shemeji alirudi Kishapu na mkono uliolala ubavuni, vidole viwili tu vikiwa na nguvu ya kushika kikombe.

Mzee alikuja Shinyanga kabla ya mwezi kwisha. Aliingia karakanani amevua kofia, akaweka mezani revolva na sanduku la risasi zilizobaki.

"Uza hii, Fundi," alisema kwa kile Kiswahili chake. "Mimi sasa zee. Mkono yangu kwisha, macho yangu kwisha. Mtu yangu iko karibu, mimi nashindwa saidia yeye."

Alikuwa akifunga kambi, alisema, anarudi kwao. Halafu akanigeukia. Alijua kwamba aliyeumia ni shemeji yangu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana. Makosa yangu. Wewe samehe mimi."

Nikamwambia, "Si kitu, Bwana."

Nimewahi kusema uongo mwingi katika maisha yangu, mwingine mrefu kuliko huo. Hakuna ulionikaa kifuani kama maneno hayo matatu. Alikuwa ananiomba radhi, nami nikampa.

Alipotoka, Fundi alichukua risasi moja kutoka kwenye sanduku, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akaitazama kwenye mdomo wa ganda, pale nilipopabana. Alichukua koleo, akakivuta kichwa taratibu, akamwaga baruti kwenye karatasi, kisha akakiweka kichwa juu ya kibao cha matundu. Kikaanguka kwenye tundu dogo.

"Askari," alisema. "Kalibu iko wapi?"

Niliinama nikaitoa chini ya benchi. Aliitazama bawaba iliyopinda, akaiweka chini. Nilitegemea atanipiga au atanifukuza. Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko siku zote.

"Gari lake liko kwenye pampu ya petroli. Nenda. Mwambie ni wewe. Mwambie mkono wake ni mzima. Asiondoke na jambo hili."

Nilitoka nikikimbia. Nilifika hadi kwenye mti wa mkwaju ulio ng'ambo ya pampu, nikamwona. Alikuwa amesimama kando ya gari, anafuta kioo kwa leso, mzee mwembamba mwenye shingo nyekundu. Kati yetu palikuwa na hatua kama thelathini. Nilisimama pale nikitafuta neno la kuanzia. Alifuta kioo chote, akalipa, akapanda, akaondoka. Hata vumbi lilipotulia nilikuwa bado nimesimama.

Nikarudi nikamwambia Fundi, "Sikumkuta. Ameshaondoka."

Akasema, "Basi." Tangu siku hiyo hakunipa tena kazi ya vichwa wala ufunguo wa kabati. Nilitengeneza pampu na mashine za kusaga kwa miaka mingine mitano, na hatukuzungumzia tena habari hiyo hata mara moja.

Shemeji aliishi miaka mingi. Alijifunza kupalilia kwa mkono wa kushoto. Kikundi chake cha ngoma kilipata kiongozi mwingine, naye akawa mtu wa kukaa kando na kuimba, na watu walisema sauti yake ilikuwa nzuri, hata wakasahau alivyokuwa akirusha jembe. Mimi sikusahau. Kila msimu nilikwenda Kishapu kumsaidia kuvuna, na kila msimu, watu wakikaa kunywa, walimwomba ile hadithi ya mzungu aliyekosa chui mara sita. Aliisimulia vizuri mno. Aliigiza mzee akifumba jicho, mkono ukitetemeka. Watu walivunjika mbavu, na wote waligeuka kunitazama, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namjua mzee, nami nikacheka pamoja nao.

Mara moja nilijaribu. Tulikuwa wawili tu shambani, tunafunga magunia ya pamba, mimi navuta kamba na yeye ameshika mdomo wa gunia kwa meno. Nikasema, "Shemeji, yule mzee alikuwa analenga vizuri."

Aliachia gunia. "Nani? Yule?" Akaanza kucheka kabla sijaendelea, na kicheko chake kilikuwa cha furaha hata nikashindwa kumpokonya.

Alikufa kwa homa ya mapafu, mvua zilipokuwa zimekolea. Baada ya matanga ndipo nilipomweleza mke wangu yote: kalibu, kopo, mti wa mkwaju. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa mapajani.

"Kwa nini unaniambia mimi?" aliuliza.

"Nimechoka nalo."

"Ungemwambia yeye, baba watoto. Mkono ulikuwa wake. Mimi sina cha kukusamehe."

Akainuka akaenda kuwapa ndama maji. Hatukugombana, wala hakunitendea vibaya baadaye. Alipika, tulikula, tulizeeka pamoja. Lakini hakuniambia kwamba yamekwisha, nami sikumwuliza. Habari za yule mzee sikuzipata tena. Niliwahi kuwauliza wazungu wawili watatu waliokuja karakanani kama wanamfahamu, na mmoja akaniambia alisikia amekufa huko kwao, akiwa peke yake, na kwamba siku hizo za mwisho alikuwa hagusi tena bunduki.