Mashine Chini ya Sombe

Juzi, hapa Alunguli, mwanangu Amisi aliunganisha kibodi na kipanya kwenye mashine yake ya gemu, kupitia kisanduku kidogo chenye taa ya buluu. Alipogusa kitufe, bunduki zililia kwenye televisheni. Nikajikuta nimeshika komeo la mlango.

Wakati wa vita, nikiwa mtoto, Baba alikuwa akiwapigia watu barua kwa taipureta pale nyumbani. Alasiri moja, kila alipogonga vitufe, risasi zililia ng'ambo ya mto. Niliamini mashine yake ndiyo inayoziita.

“Acha, Baba Zaina,” Mama alimwambia. “Askari watasema njo redio ya adui.”

Akaificha ndani ya beseni, akaifunika kwa majani ya sombe, yaani kisamvu, akaendelea kutwanga mengine kinuni. Askari akaingia, ananuka moshi.

“Mama, nini iko mu beseni?”

“Njo sombe tu, papa.”

Askari akatumbukiza mkono. Chini ya majani kitufe kimoja kikalia, lakini mchi wa Mama ukaumeza mlio. Mimi niliusikia. Nilifumba macho, nikangoja bunduki zijibu. Hazikujibu, na askari akaondoka na konzi ya majani.

“Mama, ni mchezo tu,” Amisi aliniambia juzi, alipoona nimeshika komeo. Kisha akagusa kitufe kingine, na bunduki ikajibu.