Aliyemuoa Nyanya Yangu

Mama aliniomba jambo moja tu kabla ya kufa, nami sikulifanya.

Alikuwa amelazwa hospitali hapa Machakos, sauti imebaki kidogo. Alisema, "Siku ya kunizika, msome jina la aliyemuoa mama yangu. Msinifanye mtoto wa njiani."

Nikamjibu, "Sawa, mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba.

Aliyemuoa nyanya yangu alikuwa mwanamke. Zamani hilo halikuwa jambo la kunong'onezana. Mama mmoja alifiwa na mume bila kupata mtoto, na shamba likawa halina wa kulirithi. Akatafuta msichana, akapeleka mbuzi kwa wazazi wake, wazee wa pande zote mbili wakakaa wakala na kunywa, na msichana akaja kuishi naye kama mke wa boma lile. Mke wa namna hiyo anaitwa iweto. Watoto anaozaa ni wa nyumba hiyo, na mwanaume aliyewazaa hana lake pale. Nyanya yangu alikuwa iweto. Alizaa mabinti wawili, mama yangu na mdogo wake. Yule mama aliyeoa walimwita susu, kama watoto wanavyomwita nyanya yao, na ndiye aliyewalea.

Kamati ya mazishi ilipokutana, nilileta historia ya marehemu nikiwa nimeiandika kwa mkono wangu, na jambo hilo lilikuwamo. Mzee mmoja wa kanisa aliisoma akavua miwani.

"Hii ya mwanamke kuoa mwanamke tutaisoma mbele ya mchungaji?"

"Ndivyo ilivyokuwa," nikasema.

"Ilikuwa kabla ya wokovu. Tusimwaibishe mama yako akiwa kwenye jeneza."

Akapiga mstari. Ningeweza kukataa. Mimi ni kifungua mimba na karatasi ilikuwa yangu. Lakini nilikuwa sijalala vizuri kwa wiki nyingi, na watu walikuwa wananisubiri niamue kuhusu hema na ng'ombe. Nikasema basi, iwe hivyo. Siku ya mazishi ikasomwa kwamba marehemu alikuwa binti wa mama fulani, ikaishia hapo. Nyuma yangu nilisikia mwanamke akimuuliza mwenzake, "Kwani hakuwa na baba?" Mwenzake akaguna.

Mguno huo nimeishi nao.

Miezi kadhaa baadaye, nilikuwa natengeneza madawati katika shule moja upande wa Kangundo. Mimi ni seremala. Mwalimu mmoja alikuwa anawaambia wenzake kwamba kuna tovuti ya bure ambamo mtu anaandika ukoo wake, wafu kwa walio hai, na maandishi yanakaa hata mwenyewe akienda. Nilishusha randa nikamuuliza jina la tovuti. Aliniandikia kwenye kipande cha mbao.

Jumamosi nikaenda saiba mjini, chumba cha kompyuta za kulipia juu ya duka la vitambaa. Mwenye saiba alikuwa mama Mwislamu wa makamo, wa familia iliyotoka pwani zamani. Nilimwonyesha ile mbao.

"Mzee wangu, wewe ndiye mteja wa kwanza kuniletea anwani kwenye ubao," akasema. "Una barua pepe?"

"Sina."

"Basi tunaanzia mbali."

Alinifungulia barua pepe, akanichagulia neno la siri, akaniambia nilikariri. Nilisoma hadi darasa la saba, na Kiingereza cha tovuti kilinipita, kwa hiyo alikuwa akinitafsiria akipita na chai yake. Unaanza na wewe mwenyewe. Unaandika jina, mahali ulipozaliwa, mwaka. Kisha vinatokea visanduku viwili juu yako, cha baba rangi ya samawati na cha mama rangi ya waridi. Ukivijaza, vinatokea vingine juu yavyo. Nilikuwa napiga herufi kwa kidole kimoja. Kumwandika mama, na mwaka wake wa kufa, kulinichukua muda mrefu kuliko kutengeneza stuli.

Nikafika juu ya mama. Kwenye kisanduku cha mama yake nikamwandika nyanya. Kwenye kisanduku cha baba nikamwandika yule aliyemuoa, na pale walipouliza jinsia nikachagua mwanamke. Yakatokea maandishi mekundu.

"Inasema baba lazima awe mwanaume," akasoma mwenye saiba.

"Huyu alikuwa mwanamke."

"Basi si baba, mzee wangu."

"Ndiye aliyeoa."

Akaweka kikombe chini. "Mwanamke anamuoaje mwanamke?"

"Kwa mbuzi. Kama wewe ulivyoolewa."

"Mimi niliolewa kwa mahari ya heshima, sio mbuzi!" Akacheka, watu wengine wakageuka. Nilipomweleza habari yote akauliza kwa upole, "Na yule aliyewazaa hasa? Muweke huyo tuendelee."

Mtu huyo alikuwepo. Nyumbani kwake kulikuwa karibu na Mitaboni, na wazee bado wanamkumbuka. Lakini hakupeleka mbuzi popote, na mama hakuwahi kumwita baba hata kwa mzaha. Nikakataa.

"Basi badilisha hapo, sema ni mwanaume. Nani atakuja kukagua?"

Nilikaa nikiangalia yale maandishi mekundu. Nilikuwa nimechoka tena, kama ile siku ya kamati. Nikabonyeza mwanaume. Kisanduku kikakubali, kikawa samawati, na jina la susu likakaa juu ya jina la mama kama mtu yeyote mwenye baba. Nikachapisha karatasi moja.

Karatasi hiyo nilimpelekea mama mdogo, yule mdogo wa marehemu, ambaye aliolewa Ndithini. Nilimkuta uani akipura mbaazi. Hajui kusoma, basi nilimsomea nikigusa kila kisanduku. Nilipofika juu, aliinua mkono.

"Hiyo rangi ni ya nini?"

"Ya wanaume."

"Na susu yuko kwenye rangi ya wanaume?"

"Kompyuta ilikataa akiwa mwanamke, mama."

Alicheka mpaka akakohoa, akajipangusa macho kwa leso. "Umemvalisha susu suruali! Yeye aliyekuwa akimfukuza mjumbe wa chifu kwa mwiko! Angekuona leo, ungekimbilia wapi?"

Nami nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu mazishi.

Kisha akaacha kucheka. "Mwanangu, dada yangu hakuomba baba. Wala hakuhisi kukosa baba. Aliomba watu waambiwe kwamba alikuwa na kwao. Mzee wenu wa kanisa amemfuta susu, na wewe umemgeuza. Afadhali yule aliyemfuta."

Nilimsaidia kupura hadi mbaazi zikaisha.

Wiki iliyofuata nilirudi saiba, nikamwambia mwenye saiba tumtoe susu kwenye kisanduku cha baba. Alinionyesha pa kubonyeza. Kisanduku kikawa kitupu, na ndani yake tovuti ikajiandikia yenyewe maneno ambayo alinitafsiria: baba hajulikani.

"Hilo neno linaweza kutoka?" nikauliza.

Alijaribu huku na huku. Halikutoka. Lakini chini ya jina la kila mtu kulikuwa na sehemu ya kuandika habari zake, na hapo mtu anaandika atakacho, kwa lugha yoyote. Nikaandika chini ya jina la mama. Sikuwa na haraka. Niliandika kwamba mama wa marehemu aliolewa na mwanamke, kwa mbuzi, mbele ya wazee. Nikamtaja mwanamke huyo kwa jina lake lote na jina la ukoo wake. Nikaandika kwamba marehemu alikuwa mtoto wa nyumba hiyo na alilelewa mgongoni mwa mama huyo. Nikaandika kwamba aliomba jambo hili lisomwe siku ya mazishi yake, na kwamba mimi mwanawe nilikubali lifutwe.

Mwenye saiba alisoma akiwa amesimama nyuma yangu, akitafuta makosa ya herufi. Alinisahihisha mahali pawili.

"Hayo ya mwisho pia unayaacha?" akauliza. "Hii kila mtu ataiona, hata huyo mzee wa kanisa. Hata wajukuu zako."

"Yaache."

"Haya. Mimi nahifadhi."

Alihifadhi. Ukurasa ulichukua muda kurudi, maana mtandao siku hiyo ulikuwa mzito. Uliporudi, juu bado palikuwa pameandikwa baba hajulikani, na chini, kwa maandishi madogo zaidi, palikuwa na maneno yangu. Nilitazama yale ya juu, nikatazama ya chini. Mtu mwenye haraka ataona ya juu tu. Sina namna ya kumzuia.