Birika la Mama Mkubwa

Kijikaratasi kile ninacho bado, na kila nikikiona damu hunichemka. Kilitoka ofisi moja ya safari hapa Sur, Omani: mlima wa moto, mchanga mweupe, na maneno makubwa kwamba Ngazija ni kisiwa cha mapumziko ambacho bado hakijaguswa. Hakijaguswa! Bibi yangu kazikwa kule. Kule kuna miji ya mawe yenye viwanja ambamo mwanamume asiyefanya harusi kubwa ya kimila hakai walipokaa waliofanya, hata awe na mvi kichwa kizima. Watu wamegombea nafasi hizo tangu enzi za masultani wao, halafu mtu wa ofisi aniambie hakijaguswa.

Mama alizaliwa Unguja, baba yake Mwarabu wa Ibra, mama yake Mngazija. Mapinduzi yalipowatawanya, yeye aliletwa Omani na babu, na dada yake akaenda Ngazija na bibi. Hawajaonana tena. Sasa magoti ya mama hayamfikishi hata daraja la Aija, hapa hapa mjini, sembuse uwanja wa ndege. Magoti hayo tulikuja kuyajua yameshaharibika tayari, maana mama akiumwa hasemi na sisi hatuulizi. Mdogo wangu alipotangaza kwamba kiangazi atatupeleka kisiwani, mimi na wanawe wawili, mama alituita sote.

"Hotelini msilale. Laleni kwa dada yangu, na mumtunze kama mnavyonitunza mimi."

Tukaapa.

Mama mkubwa tulimkuta kijijini kwake, chini ya Karthala, ule mlima wa moto; mwembamba, mrefu, na Kiswahili cha Unguja kilekile cha mama. Nilipomwambia shikamoo alinishika uso kwa mikono miwili, akawa anamtafuta mdogo wake humo. Nyuma ya ua wake lilianza jiwe jeusi, mto wa moto uliopoa, umeteremka mpaka baharini.

"Chini ya jiwe hili ndipo lilipo shamba la minazi la bibi yenu," alisema. "Moto ulikuja polepole, tukawahi kutoa hata kuku."

Alisema hivyo kama mtu anayekuonyesha duka lilipokuwa zamani.

Sisi tumekulia shambani Ibra, ambako falaji, mfereji wa mababu, hupita chini ya mitende usiku na mchana. Maji kwetu ni kitu kinachopita. Ukichota leo, kesho yapo. Na kwetu gari chafu ni aibu kama dishidasha, kanzu yetu, ikiwa chafu. Basi asubuhi ya pili mdogo wangu alilitazama gari la kukodi, lote vumbi jeusi, akafunua birika la maji lililojengwa uani na kuanza kuchota. Ndoo baada ya ndoo. Wanawe wakamwagiana yaliyobaki, na mimi, mtu mzima, nikawapiga picha nikicheka. Mama mkubwa alisimama mlangoni.

"Gari limependeza, mwanangu," alimwambia.

Siku ya tatu, wakati wa alasiri, nilimkuta nyuma ya jiko. Alipiga viganja juu ya lile jiwe jeusi, akapaka uso, akapaka mikono. Alikuwa anatayamamu, kama msafiri wa jangwani aliyekosa maji.

"Mama mkubwa, unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa mbona hutawadhi?"

"Maji ni ya wageni, mama. Nenda kaswali."

Nilikwenda kufunua birika. Niliona sakafu, na juu yake maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Jirani ndiye aliyenieleza, bila kunitazama usoni, kwamba upande ule hakuna mto wala kisima, mlima hunywa mvua yote, na alichokinga mtu kwa paa lake ndicho alichonacho mpaka mvua nyingine. Mvua ilikuwa miezi mitatu mbele.

Nilimpigia mdogo wangu makelele mpaka kijiji kikasikia.

"Wallahi dada, sikujua! Mbona hakusema?"

"Mgeni anaambiwa?"

"Khalas, nitamletea gari la maji."

Gari la maji halikupatikana. Alirudi kutoka mjini na katoni sita za chupa. Katoni sita! Mama mkubwa alizipokea kwa mikono miwili na kumwombea dua, na mimi nilitamani jiwe lile liyeyuke tena linimeze. Hasira zangu kwa ofisi ya safari zilikuwa nyingi, lakini ofisi haikuchota hata ndoo moja. Wala haikupiga picha.

Tuliporudi Sur mama alikuwa na simu mkononi. Picha alikwishatumiwa: gari linang'aa, Karthala nyuma yake, dada yake mlangoni anatabasamu. Aliikuza kwa vidole, akapita usoni kwa dada yake, akateremka mpaka kwenye magurudumu. Ardhi ilikuwa imelowa.

"Haya maji mmeyachota wapi?"

Mdogo wangu alianza kuingiza mabegi ndani.

"Birikani," nilisema.

"Na yeye akatawadha kwa maji gani?"

Nikamwambia habari za jiwe. Mama alizima simu, akaiweka pajani, juu ya magoti yale.

"Basi mlimtunza," alisema. "Kama mnavyonitunza mimi."