Ng'ombe wa Ambakisye Tuliyemla

Siamini bado. Kwamba Ambakisye amekufa, hilo naamini, udongo nimemtupia mwenyewe. Nisichokiamini, wanaukoo, ni ule wasifu mliomsomea pale Kisondela, kama CV ya mtu anayeomba kazi mbinguni.

Eti mpole, mcha Mungu. Mpole nani? Miaka yote tuliyocheza drafti, hakuna siku ambayo hakuniibia kete. Kanisani alikoroma mpaka kwaya ikapoteza sauti.

Ila alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na ndama wake. Kila asubuhi anakamua, anajaza kidumu, anakatiza nacho migombani hadi kwa jirani yake Tusekile, mjane anayelea wajukuu mapacha waliofiwa na mama yao. Hakuuza hata kikombe. Yeye mwenyewe alikunywa chai ya rangi.

Nikamtania kwamba anamtongoza mjane. Akasema angekuwa anatongoza angepeleka nyama, maziwa ni ya watoto.

Wiki moja kabla hajafa alinishika mkono. "Wanangu wakija, ng'ombe asiguswe. Wakibisha, wewe ndiye mdomo wangu."

Nikaitikia.

Wakaja. Kwetu msiba bila nyama ni aibu, mnajua wenyewe. Mwanawe mkubwa, suti nyeusi, akasema baba yao hawezi kuzikwa kwa maharage kama mtu asiye na watoto. Mzee wa ukoo akauliza kama kuna mwenye neno.

Mimi, mdomo wa marehemu, nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa na matope. Niliyakagua vizuri sana hayo matope.

Nikaletewa maini, heshima ya rafiki. Nikala. Na yalikuwa matamu. Hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko suti, kuliko wasifu, kuliko MC aliyetuchekesha kaburini.

Mchungaji akahubiri weee, maana ya kuishi vizuri, sisi tunajipangusa mafuta midomoni. Tusekile yuko nyuma anatuoshea masufuria, pacha mmoja mgongoni, mwingine kashika kanga, wote wanalilia maziwa. Maisha mema ya Ambakisye yalikuwa kidumu kile. Tumeyapika na ndizi tukayamaliza.

Jana watoto wake mmekaa kikao cha kugawana makoti. Leo kwenye group la ukoo mnaniuliza, "Baba mdogo, umemwona ndama?"

Nimemwona. Ndama jike, ameshaachishwa kunyonya, mzuri kama mama yake. Mlipokuwa mnabishania lile koti la kijivu, nilimfungua nikamtembeza mchana kweupe hadi kwa Tusekile. Mmoja wenu alinipisha njiani, akaniamkia.

Mpaka huyo ndama akue na azae, kidumu nakijaza mimi, kwa ng'ombe wangu mkorofi anayepiga mateke. Kwangu maziwa yanabaki ya kupaka mdomo tu.

Anayemtaka ndama aje amfungue mwenyewe, mapacha wakimtazama. Kigoda changu nimekiweka pale pale mlangoni kwa Tusekile. Safari hii viatu nimevua, sina pa kutazama.

Ambakisye, mdomo wako umechelewa kufunguka, nisamehe. Na chai ya rangi ni mbaya namna hii, hukuniambia.

Lala salama, mwizi wangu wa kete.