Mafuta ya Kondoo Ndani ya Tangi la Marehemu Bi Rukia

Jambo hili nimelificha hata kwa wanangu wa kuzaa, lakini aibu yenyewe sasa imezeeka kama mimi, acha niiseme.

Ilikuwa miaka ile maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa tena, sabuni za kila rangi, mitumba, redio kubwa kubwa, na mimi nilikuwa nafanya kazi za ndani kwa Bwana Idrisa, mtumishi wa serikali aliyehamishwa kutoka Tanga. Mkewe, Bi Rukia, alikuja na tangi la kioo lenye maji ya bahari (yaliletwa kwa madumu kwenye treni, majirani wakacheka wee), ndani mna samaki wawili wa mistari na tumbawe laini, umbo la uyoga, limeshikilia jiwe na kupunga vidole vyake vidogo. Mimi mtu wa Bahi nilidhani ni mmea. Bi Rukia akaniambia, "Huyu ni mnyama, Mama Nyemo. Anakula, na akiguswa vibaya anaumia."

Halafu Bi Rukia akaugua, akatutoka. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo katika vyote alivyolea kwa mkono wake, kilichobaki hai ni tangi lile. Bwana Idrisa akirudi kazini alikuwa anakaa mbele yake hata viatu hajavua.

Zikiwa zimebaki siku nne isomwe hitima ya mwaka, nikaona nisugue kioo kwa ndani kipendeze wageni (sikutumwa na mtu), mkono ukagonga jiwe, jiwe likaanguka na kulichana tumbawe karibu nusu, likasinyaa, vidole vyote vikaingia ndani. Kwa vile lilisinyaa, Bwana hakuuona mchano. Akaniuliza limepatwa na nini.

"Sijui, Bwana. Labda linaugua."

Maneno hayo tu. Akasema basi tusiliguse, lipumzike.

Lakini mimi nilijua lina kidonda, na kwetu mbuzi akichanwa na miiba humwachi hivihivi, unampaka mafuta ya mkia wa kondoo na kumfunga kitambaa. Kaka yangu Mazoya akaniletea kichupa. Asubuhi ya hitima, Bwana akiwa msikitini, nikazamisha mkono nikapaka, mafuta yakakataa kushika, yanaelea tu, nikachana ukingo wa kitenge nilichovaa, nikalifunga mafundo mawili ya nguvu kama mguu wa ndama, nikaongeza mafuta.

Wageni wakajaa sebuleni. Kisomo kilipokwisha nikaingia na sinia la pilau, na Mzee Hamisi wa Kondoa akainua pua.

"Idrisa, mbona nanusa kondoo na sahani ina mbuzi?"

Kabla hajajibiwa, Bi Mwanahawa, dada yake marehemu, akapiga ukelele mlangoni, "Jamani, samaki wa dada yangu wanakata roho!"

Maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, juu utando wa mafuta, samaki wanahema midomo wazi. Bwana Idrisa akakunja mkono wa kanzu, akatoa kitambaa kinachochuruzika. "Hiki nini?" Wote wakageukia kitenge changu, maua yaleyale.

Nikapiga magoti na sinia langu. "Jiwe niliangusha mimi, Bwana. Nikakudanganya. Halafu nikampaka dawa."

"Mafuta ya kondoo, mnyama wa baharini!" akasema Bi Mwanahawa. "Si ungempa na majani ale!"

Watu wakacheka, ndani ya hitima. Bwana Idrisa hakucheka.

Akavua kanzu, pilau likapoa. Akatandaza magazeti juu ya maji yanyonye mafuta, akabadilisha maji kwa madumu ya akiba hadi samaki wakahema vizuri, akakata kwa wembe sehemu ya tumbawe iliyooza, akalishikiza jiweni kwa kipande cha chandarua, legelege, maji yapite. Kumbe lilitaka hayo tu, maji safi yanayotembea, na kuachwa.

"Jiwe ningekusamehe siku ileile," akaniambia bila kugeuka. "Hizi siku nne ndizo zilizoliozesha."

Wiki mbili lilikaa limejivika ngozi ya nta, nami nikijua limekufa nikalia jikoni kimya kimya. Ngozi ikabanduka. Wiki ya tatu akaniita, "Mama Nyemo, njoo." Nikasimama mlangoni, mikono kwapani. "Sogea uone." Vidole saba vilikuwa vimetoka.

Lilipona, upande mmoja mfupi. Kazini sikufukuzwa. Ila tangu hapo, kila nilipomjibu Bwana Idrisa "sijui", hata iwe kweli sijui, alinyamaza kwanza akinitazama, na miaka yote sita niliyobaki pale ule unyamavu haukuisha. Ndiyo maana leo nikivunja hata kikombe cha mtu, natangaza vipande vikiwa bado vinazunguka sakafuni.