Njia za Kwenda Kileleni

Kosa langu la utotoni lilikuwa kuamini kwamba mlima una njia moja tu. Tulipokimbia vita Bukavu, mama alituamuru tukanyage pale tu alipokanyaga mtu wa mbele. Juzi, katika duka moja mtaa wa Old Town, niliona picha ya kilele cha mlima kiitwacho Sapitwa na njia zake nyingi, nikakumbuka alasiri moja kwenye kilima karibu na Dzaleka, kambi ya wakimbizi tuliyofikia. Nyasi zilinuka moshi. Njia ilipopotea nilikaa chini nikalia, nikiogopa kukosea.

“We mutoto, unalilia njia?” dada yangu Furaha alicheka. “Kanyaga tu, ukikanyaga njo itakuwa njia! Kuya!” Akanipungia mkono nimfuate.

Nikakanyaga pasipo alama ya mtu. Kileleni upepo ulinipiga usoni, nikapiga kelele za ushindi mpaka mbuzi wakatimka.

Siku hizi nikipotea, naendelea kupanda.