Karatasi ya Mafuta ya Mupundu

Mama yangu alivuka Ziwa Mweru na wachuuzi wa samaki kutoka Kongo, akaolewa Nchelenge, ng'ambo ya pili. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha kutoa mafuta ya mupundu: kuvunja kokwa za tunda hilo la mwituni, kuzitwanga, kuzichemsha, kuengua mafuta yanayoelea. Watoto wachanga wa mtaa wetu wote walipakwa hayo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini alikuja mwanamke muzungu wa kampuni ya vipodozi, mpole, na mkalimani wake. Mama aliwaonyesha kila kitu, hata namna ya kupunguza moto ili mafuta yasinuke. Akawafungashia chupa mbili. Mgeni ni mgeni.

Mwaka uliofuata walirudi na karatasi na kidau cha wino. Mkalimani alimwambia mama aweke dole gumba tu, ni utaratibu wa ofisi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nikaomba niisome kwanza.

"Inasema nini?" mama aliuliza.

"Kampuni inaomba hataza, hati ya kumiliki njia hii ya kutengeneza mafuta. Inasema wataalamu wao ndio walioivumbua, na wewe huna la kudai."

Mama aliichukua karatasi, akaitazama pande zote mbili, akanirudishia.

"Uliza huyu mama," akamwambia mkalimani. "Siku ya kwanza alikuya hapa, alijuaka kuvunja kokwa?"

Muzungu aliinamisha uso. Alisema yeye ametumwa tu.

"Basi na mimi ninamutuma. Mwana wangu, geuza karatasi, andika kule nyuma."

Nikaandika alivyosema: mafuta haya tulifundishwa na bamama ba hapa, nao na bamama babo, hakuna mutu aliyeyavumbua juzi. Kisha akaita majirani. Waliacha samaki wao juani wakaja. Mkalimani akafunga kidau cha wino, akakitia mfukoni. Mama hakubishana naye. Alipindua sufuria, akapaka dole gumba lake masizi, akalibandika chini ya maneno yangu. Wenzake wakafuata mmoja mmoja.

"Sasa peleka," akamwambia muzungu.

Hawakurudi. Kama kampuni ilipata hataza yake kwa mlango mwingine, sikuwahi kujua, na hilo linaniuma mpaka leo. Mama hakungoja jibu. Jumapili, baada ya ibada, alitangaza kwamba anayetaka kujifunza kutoa mafuta ya mupundu aje kwake bure. Walikuja hata kutoka kijiji cha Kafutuma. Baba akalalamika kwamba hana pa kukaa uani. Mama akamwambia akakae kanisani.